Vita vya Kome na Kiti cha Pweza

Katika Uingereza ya karne ya 17, mvuvi wa chaza wa Colchester angeweza kutozwa faini kwa kosa la kumwacha mnyama mmoja mdogo aendelee kuishi. Habari hiyo imo katika kitabu cha historia ya Royal Society ambacho Thomas Sprat alikichapisha London mwaka 1667. Mahakama ya mambo ya bahari iliamuru kwamba kila atakayemwopoa mnyama huyo pamoja na chaza amkanyage kwa mguu au amtupe nchi kavu, na atakayekaidi alipe faini kubwa. Wavuvi walimwita Vidole Vitano. Shtaka lake lilikuwa kwamba huwavizia chaza wanapofumbua magamba, akajipenyeza na kuwafyonza, akaacha makombe matupu.

Huyo Vidole Vitano ndiye tunayemwita kiti cha pweza. Jina letu lina upole ndani yake. Limempa kazi ya kumkalisha mwenzake. Katika bahari baridi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wanakofugwa chaza na kome kwa maelfu ya tani, ametajwa kwa uchungu kwa zaidi ya miaka 300. Nimeifuatilia historia hiyo kwa sababu naamini ina somo kwa kila anayelima au kufuga. Watu walipomwendea adui huyu kwa hasira, walimwongeza. Walipotulia wakamsoma tabia zake, walipata pa kumzuilia.

Mlaji asiye na haraka

Kwanza tumtazame akiwa kazini. Kome wa bahari baridi, yule mwenye gamba jeusi linaloelekea buluu, hana miguu ya kukimbilia. Hujifunga kwenye mwamba au kwa wenzake kwa nyuzi ngumu anazozitoa mwilini, hufumbua kidogo magamba yake mawili, na kuchuja chakula katika maji yanayopita. Hatari ikija, hukaza msuli wake na kujifungia ndani. Kaa akimtaka, sharti alivunje gamba. Kiti cha pweza hana meno wala makucha, naye hutumia njia nyingine. Humtambua kome kwa harufu iliyomo majini, humsogelea taratibu, na kumkumbatia kwa mikono yake mitano. Chini ya mikono hiyo ana mamia ya miguu midogo laini inayonata. Kwa miguu hiyo hulishika gamba huku na huku, kisha huanza kuvuta.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kuhusu anavyofaulu. Wapo waliodhani humlevya kome kwa sumu, na wapo walioshikilia maneno ya Colchester kwamba husubiri tu gamba lifumbuke. Katika miaka ya 1890 Mjerumani Paulus Schiemenz alionyesha kwa majaribio kwamba nguvu ya kuvuta inatosha kuushinda msuli wa windo lake. Mwaka 1956 Marcel Lavoie alilirudia swali hilo, naye akaipata nguvu ileile. Linaloshangaza zaidi ni udogo wa ufa unaohitajika. Sehemu ya kumi ya milimita humtosha kiti cha pweza. Akishaupata, hulitoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, hulipenyeza ndani ya gamba kama kitambaa chembamba, na kumyeyusha kome akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mvumilivu hula mbivu, wahenga walisema, na sijui kiumbe anayeutimiza msemo huo kuliko huyu.

Angekuwa anakuja mmoja mmoja, mfugaji angeweza kumvumilia. Lakini jike mmoja wa Asterias rubens, spishi iliyotapakaa katika Bahari ya Kaskazini, huachia mayai kwa mamilioni. Lava zake huelea majini kwa wiki kadhaa, kisha hutua na kuwa vitoto vya mikono mitano, na mara nyingi hutua mahali palepale penye mbegu za kome waliotua msimu huohuo. Wakubwa nao hukusanyika penye chakula. Wakikivamia kitalu, husonga mbele kama safu ya siafu, na huko watokako hubaki magamba matupu yaliyoachama.

Nguzo katika tope la Aiguillon

Wafaransa wana masimulizi yao kuhusu chanzo cha ufugaji wa kome. Yanasema kwamba mwaka 1235 mtu wa Ireland aitwaye Patrick Walton alivunjikiwa na chombo katika Ghuba ya Aiguillon, pwani ya magharibi ya Ufaransa. Akiwa hana cha kula, alisimamisha nguzo katika tope na kutandaza nyavu za kunasia ndege wa baharini. Baada ya muda akaona nguzo zimejaa kome, nao ni wanono kuliko wale wa chini. Akaongeza nguzo, akazisukia matawi kama ua wa shamba, na majirani wakamwiga. Hadithi hiyo iliandikwa karne nyingi baada ya wakati wake, kwa hiyo tuipokee kama mapokeo. Ambalo halina shaka ni kwamba katika karne ya 19 ghuba ile ilikuwa imejaa safu za nguzo. Wafugaji walizifikia kwa kihori cha ubao kilicho bapa: mtu hupiga goti moja ndani yake, na mguu wa pili akauacha nje kulisukuma tope.

Watu wa Aiguillon walitaka kome wanono, na pamoja na unono wakapata ulinzi. Nguzo zilisimama katika eneo linaloachwa wazi maji yakipwa. Kome aliyefunga gamba huhifadhi maji ndani na kungoja maji yajae tena. Kiti cha pweza hana gamba la kufunga. Upepo na jua humkausha, kwa hiyo hukaa pale ambapo maji hayamwachi kwa muda mrefu. Kila siku bahari yenyewe ilirudi nyuma na kumwondoa katika shamba la watu, bila mtu kuinua mkono.

Hasira hasara

Ng'ambo ya Atlantiki, katika mlangobahari wa Long Island Sound uliopo kati ya Connecticut na kisiwa cha Long Island, ufugaji ulichukua sura nyingine. Huko walifuga chaza, nao waliwatandaza chini ya bahari, kwenye vina ambavyo havikauki kamwe. Kwa maneno mengine, walimwandalia kiti cha pweza karamu mlangoni kwake. Alikuja kwa wingi, na katika karne ya 19 alikuwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa maadui wakubwa wa biashara ile.

Masimulizi ya bandari nyingi yanakubaliana kuhusu walichokifanya wavuvi. Kila walipomwopoa adui, walimkata vipande kwa kisu na kuvirusha vipande baharini. Moyo ukaburudika, kazi ikaendelea. Lakini mwili wa kiti cha pweza haufuati sheria za mwili wetu. Mkono uliokatwa huota upya. Kipande cha Asterias kilichobaki na sehemu ya kutosha ya kitovu cha mwili wake chaweza kukua na kuwa mnyama kamili. Kumbe kisu kilikuwa kikipanda mbegu. Mvuvi aliyedhani ameua mmoja huenda alirudisha baharini wawili.

Maarifa yalipoingia, zana zilibadilika. Watu waligundua kwamba ngozi ya mnyama huyu ina miiba na vibano vidogo sana vinavyonasa kila kitu chenye nyuzi. Wakatengeneza fito za chuma zilizofungwa mafungu ya nyuzi za pamba, mfano wa yale matambara ya kupigia deki, wakazikokota juu ya vitalu. Chaza walibaki chini, adui akapanda akiwa amenaswa katika nyuzi. Juu ya chombo kulikuwa na pipa la maji ya moto sana. Fungu lilitumbukizwa humo, likatolewa, likarudishwa baharini kuanza upya. Katika miaka ya 1930 Victor Loosanoff na wenzake wa maabara ya Milford, Connecticut, wakaongeza silaha nyingine, nayo ni chokaa. Punje za chokaa isiyozimwa zikimwangukia mnyama huyu humchoma ngozi, na kidonda huenea hadi kumuua. Chaza na kome wana gamba la kuwakinga. Mbinu hizi mbili zilisafiri mbali. Hadi leo wafugaji wa kome wa Prince Edward Island nchini Kanada huwatumbukiza kome wachanga katika maji ya chokaa ili kuwaua vitoto vya kiti cha pweza waliojificha kati yao.

Watu wa Zeeland na chumvi yao

Lakini nchi ambayo maisha ya kome na kiti cha pweza yamefungamana zaidi na historia ya taifa ni Uholanzi. Katika jimbo la Zeeland, kwenye mji mdogo wa Yerseke, kome huuzwa kwa mnada, na wafugaji hukodi vitalu vya chini ya bahari kutoka serikalini kama mkulima anavyokodi shamba. Kwa vizazi vingi kazi ilikwenda hivi: huopoa mbegu za kome mahali zilikotua zenyewe, huzitandaza kitaluni, huzihamishia kitalu kingine zinapokua, na baada ya miaka miwili au mitatu huvuna. Muda wote huo mali imelala chini, haina ukuta wala paa.

Mwaka 1949 na 1950 pigo liliwajia kutoka upande wasioutarajia. Kimelea kidogo kiitwacho Mytilicola intestinalis, kinachoishi ndani ya utumbo wa kome, kilivikumba vitalu vya Zeeland. Wafugaji wakapeleka kome wao kaskazini, kwenye Bahari ya Wadden, bahari ya maji mafupi iliyofichwa nyuma ya msururu wa visiwa. Huko walijifunza kusoma chumvi ya maji. Tangu mwaka 1932 boma kubwa la Afsluitdijk limetenganisha Bahari ya Wadden na ziwa la IJssel, na milango yake humwaga maji baridi ya ziwani baharini. Karibu na milango hiyo chumvi hupungua.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa kiti cha pweza unapojitokeza. Yeye na ukoo wake wote, pamoja na urumbo na jongoo bahari, hawana namna ya kuzuia maji na chumvi visipite mwilini mwao. Ndiyo maana hakuna ziwa lolote duniani, liwe Victoria, Tanganyika au Nyasa, lenye kiti cha pweza hata mmoja. Kome huvumilia maji yaliyopungua chumvi. Hufunga gamba na kusubiri, na hata wakiishi humo daima huendelea kukua, ingawa polepole zaidi. Kwa hiyo kitalu chenye chumvi kidogo kiligeuka kuwa boma lisilo na ukuta. Mfugaji alilazimika kupima: aweke kome penye chumvi nyingi wakue haraka na waliwe, au penye chumvi kidogo wachelewe na wabaki?

Swali hilo la chumvi lilikuja kulitikisa taifa zima. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba ilizivunja kuta za bahari za Zeeland, na watu 1,836 wakafa. Serikali ikaapa kwamba maafa hayo hayatarudi. Sheria ya mwaka 1958 iliagiza milango ya bahari izibwe, mmoja baada ya mwingine. Zamu ya mlango wa bahari wa Oosterschelde ilipokaribia, wafugaji wa chaza na kome waliungana na watetezi wa mazingira kupinga. Mlango ukizibwa kabisa, walisema, bahari itageuka bwawa, chumvi itakwisha, na kazi ya mababu itakufa. Walisikilizwa. Badala ya ukuta mzima, lilijengwa boma lenye milango 62 ya chuma inayokaa wazi siku zote na kufungwa wakati wa dhoruba tu. Lilikamilika mwaka 1986.

Kila nikifikiri juu ya ushindi huo huona jambo moja la kugusa moyo. Wafugaji waliipigania bahari yenye chumvi wakijua fika kwamba chumvi hiyohiyo ndiyo inayomhifadhi kiti cha pweza. Bwawa la maji baridi lingemmaliza adui wao milele, na lingewamaliza nao. Walichagua bahari hai pamoja na adui aliyemo ndani yake, wakarudi kukokota mafungu yao ya nyuzi.

Mwamba wa Mukkaw

Wakati Waholanzi wakijadili milango yao, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Washington, Robert Paine, alikuwa akienda mara kwa mara kwenye Ghuba ya Mukkaw, katika nchi ya Wamakah, pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Mwaka 1963 alichagua sehemu ya mwamba, na kila alipokwenda aliwabandua kwa mtaimbo viti vya pweza wote wa spishi ya Pisaster ochraceus aliowakuta hapo, akawarusha mbali baharini. Sehemu ya jirani hakuigusa. Alitaka kujua litatokea nini mlaji akiondolewa.

Kwa mfugaji wa kome, hilo ndilo jaribio la ndoto zake. Na kweli kome walishangilia. Walishuka kutoka ukanda wao wa juu, wakatambaa hadi chini walikokuwa hawathubutu kukaa, wakajaza kila nafasi. Lakini kadiri walivyojaa, wengine walitoweka. Mwani ulikosa pa kushika, na viumbe wadogo wa mwambani wakasukumwa nje. Katika makala yake ya mwaka 1966 Paine aliripoti kwamba spishi 15 za mahali pale zilikuwa zimepungua hadi 8, ilhali sehemu ya jirani, penye mlaji, ilibaki na jamii yake kamili. Mwaka 1969 akampa mnyama wa aina hiyo jina linalotokana na ujenzi: lile jiwe la kati juu ya tao, ambalo likitolewa mawe mengine yote huporomoka.

Maneno ya Paine yalienea ulimwenguni na kuingia katika masomo ya misitu, mbuga na maziwa. Alifariki mwaka 2016, baada ya kushuhudia bahari ikilirudia jaribio lake kwa ukubwa wa kutisha. Kuanzia mwaka 2013 ugonjwa wa kunyauka uliwashambulia viti vya pweza wa zaidi ya spishi 20 katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Mikono iliwachomoka, miili ikayeyuka kama ute, na katika baadhi ya miamba kome wakateremka tena. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kwamba chanzo cha vifo vya spishi kubwa ya kiti cha pweza iitwayo alizeti bahari ni bakteria aitwaye Vibrio pectenicida.

Gamba jembamba

Ufugaji wa kome nao ulikuwa umepata njia mpya ya kumkwepa mlaji. Katika ghuba za Galicia, Hispania, tangu miaka ya 1940 kome wamefugwa kwenye kamba zinazoning'inia kutoka chelezo kubwa za mbao. Kamba haigusi chini, kwa hiyo anayetembea chini hana ngazi ya kupandia. Leo chelezo hizo ni zaidi ya 3,000. Uholanzi nayo iligeukia kamba na nyavu kwa ajili ya mbegu. Mwaka 2008 serikali, wafugaji na watetezi wa mazingira walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uopoaji wa mbegu kutoka sakafu ya Bahari ya Wadden, na badala yake mbegu zinaswe kwenye kamba zinazoelea.

Mbegu za kamba zilikua haraka na zilipendeza. Zilipotandazwa chini kitaluni, hasara ikaonekana: kaa na kiti cha pweza walizila kwa wepesi kuliko zile za zamani. Sababu ilikuwa katika miili yao. Mwaka 1996 Olof Reimer na Michael Tedengren walikuwa wameonyesha kwamba kome wakikaa katika maji yenye kiti cha pweza hujibadilisha. Hujenga gamba nene zaidi na msuli mkubwa zaidi wa kulifungia, hata kama umbo lao kwa nje linabaki dogo. Kome wa kamba hakuwahi kumnusa adui, hivyo chakula chake chote kilikwenda katika unono na kukua. Alipofikishwa chini, mlaji alimkuta na gamba jembamba na msuli usiojua kushindana.

Hapo naona historia nzima ikikutana mahali pamoja. Mwamba wa Mukkaw ulionyesha kwamba bila mlaji jamii nzima hupungua. Kome wa kamba ameonyesha kwamba bila mlaji hata anayeliwa hudhoofika. Kilichomfanya kome wa zamani wa Zeeland kuwa imara, akastahimili mawimbi, safari na kutandazwa upya, kilitokana kwa sehemu na kuwapo kwa yule aliyekuwa akimla.

Haya hayamfuti machozi mfugaji aliyeamka akakuta kitalu chake kimegeuka uwanja wa makombe. Hasara yake ni ya kweli, na ana haki ya kuilinda mali yake. Lakini namna ya kuilinda imekomaa. Huko Limfjord, Denmark, kwenye mlangobahari ambao maji yake yaliongezeka chumvi baada ya dhoruba ya mwaka 1825 kuvunja tuta la mchanga lililoutenga na Bahari ya Kaskazini, viti vya pweza wanaovuliwa katika maeneo ya kome hukaushwa na kusagwa kuwa unga wa protini wa kulishia kuku na nguruwe. Huko Uholanzi mafungu ya nyuzi yangali yanakokotwa, vitalu vinachaguliwa kwa kupima chumvi, na mbegu zinahamishwa kwa kufuata msimu.

Mahakama ya Colchester iliagiza kila Vidole Vitano afe, popote atakapoopolewa. Mfugaji wa leo anayeijua kazi yake haombi hilo tena. Anamtaka atoke kitaluni, na nje ya kitalu anamwachia bahari yake.